Karatasi mbili za A4 na futi ya fundi cherehani: jinsi tulivyomtafutia mfasiri monita kwa laki tatu

Mdogo wangu ni mfasiri. Anafanyia kazi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha moja linalotazama magharibi. Kazi zake nyingi ni mikataba, miongozo ya afya na ripoti za miradi, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na kwa miaka mitatu yote hayo ameyafanya kwenye laptopu ya inchi 14. Mwaka huu shingo ilianza kumsumbua, na ikifika jioni macho yanamwaka. Siku moja akanipigia: "Kaka, nina laki tatu. Nataka monita. Nisije nikanunua kitu nikajuta."

Mimi nashughulika na kompyuta za maofisini kila siku, na maombi ya namna hii nayapata mara kwa mara. Kisa hiki nimeamua kukieleza chote, kwa sababu laki tatu ni kiasi ambacho watu wengi wanacho, na ndicho kiasi ambacho ni rahisi sana kukipoteza. Ukiwa na milioni moja utanunua kitu kizuri hata kwa kubahatisha. Kwa laki tatu, ambayo ndani yake kuna waya, nauli na kibodi, kila uamuzi unauma.

Kabla ya kwenda sokoni

Nilianza kwa kwenda kwake kumtazama akifanya kazi. Sikumwuliza anataka inchi ngapi. Nilikaa pembeni saa nzima, nikaona mambo ambayo yeye mwenyewe asingenitajia. Anafungua nyaraka mbili ubavu kwa ubavu, herufi zinakuwa ndogo, anainama mpaka uso unabaki shubiri mbili kutoka kwenye kioo. Akichoka anaikuza nyaraka moja, ya pili inafichwa, anasoma kifungu, anakishika kichwani, anahamia upande wa pili kukiandika, anasahau nusu, anarudi. Nilihesabu akirudi mara tano kwa kifungu kimoja cha mkataba.

Hesabu yake iko wazi. Kioo cha laptopu ile kina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Ukurasa wa A4 ukionyeshwa kwa asilimia 100 kwenye programu ya kuandikia, kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, unachukua takriban pikseli 794 kwa upana na 1123 kwa kimo. Kurasa mbili zikikaa pamoja zinahitaji 1588 kwa upana, naye ana 1366. Kwenye kimo hali ni mbaya zaidi. Ukitoa mistari ya pikseli kama 190 inayoliwa na utepe wa menyu juu na ule wa programu chini, anabakiwa na 578. Ili auone ukurasa mzima, lazima aupunguze hadi karibu nusu. Maandishi ya saizi 12 yanakuwa kama ya saizi 6, yaani yale ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Hapo shingo lazima iiname.

Kwa hiyo hitaji lake likawa sentensi moja: kurasa mbili za A4 zionekane kwa pamoja, kwa ukubwa wa kusomeka, bila kuinama. Rangi za picha, michezo, filamu, vyote hivyo vilikuwa nje ya bajeti hii.

Nikapima na meza. Kina chake sentimita 60, upana mita moja, na imeegemezwa ukutani. Stendi ya monita ikiwekwa nyuma kabisa, macho yatakuwa kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo, umbali wa mkono ulionyooshwa, na huo ni umbali mzuri. Laptopu ina matundu mawili ya kuchomekea waya wa picha, la HDMI na la VGA. Dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake, maana yake jua la alasiri linapiga kioo moja kwa moja. Niliyaandika yote kwenye simu. Fundi cherehani wa jirani akatuazima futi yake, tukachukua karatasi mbili nyeupe za A4, tukapanda daladala.

Kariakoo

Duka la kwanza lilikuwa na monita mpya zimepangwa ukutani, zote zinaonyesha video ya samaki wa rangi. Muuzaji, kijana mchangamfu, alitupeleka moja kwa moja kwenye ya inchi 27 iliyopinda. "Dada, hii ndiyo ya kisasa. Ukikaa nayo ni kama uko sinema." Bei laki nne na ishirini, na kwa maelewano angeshusha.

Ningependa msomaji atulie hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea. Monita ile ina upana wa karibu sentimita 60 na kimo cha 33 na nusu. Karatasi zetu mbili zilikaa juu ya kioo kwa raha. Ila pikseli zake ni 1920 kwa 1080, idadi ileile iliyomo kwenye monita ya kawaida ya inchi 24. Inchi zimeongezeka, mistari haijaongezeka hata mmoja. Unachopata ni kitu kilekile kilichovutwa: pikseli kama 82 kwa kila inchi, wakati ya inchi 24 ina kama 92. Kwa video ya samaki huioni tofauti. Nikamwomba kijana azime video, nikachomeka laptopu, tukafungua mkataba mmoja. Mdogo wangu akakaa umbali wa mkono, akatazama mstari wa kwanza, akasema, "Kaka, hizi herufi kama zimeshonwa kwa uzi mnene." Ndivyo zilivyokuwa. Migongo ya herufi m ilikuwa na ngazi unazoweza kuzihesabu.

Sisemi inchi 27 ni mbaya. Yenye pikseli 2560 kwa 1440 ina kama 109 kwa inchi, na kwa mfasiri ndiyo ningeichagua kuliko zote tulizoona, ila siku ile bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya pesa yetu. Na ya 1920 kwa 1080 inamfaa anayekaa mbali, kwa mfano anayeangalia kamera za ulinzi, au mtu ambaye macho yake yanahitaji kila kitu kikubwa. Kwa kusoma mkataba kutwa nzima kwa umbali wa sentimita 60, hapana.

Duka la pili lilituvuta kwa bei. Monita iliyotumika, inchi 22, laki moja na kumi, pikseli 1680 kwa 1050. Ilikuwa na kioo cha aina ya TN na tundu moja tu, VGA. TN ni kioo kinachodai ukitazame sawasawa kutoka mbele. Mdogo wangu alipokaa kwenye kigoda cha duka, akiitazama kwa chini kidogo, theluthi ya juu ya ukurasa ikaingia giza kama karatasi iliyomwagiwa chai. Na VGA ni teknolojia ya 1987, inapitisha picha kwa mawimbi ya analojia, kwa hiyo kila herufi ilikuwa na kivuli chembamba upande wa kulia. Ukibonyeza kitufe cha kujirekebisha kivuli kinapungua, hakiishi. Mwenye duka la vipodozi anayetoa risiti mara ishirini kwa siku ataitumia hata miaka mitano na hatalalamika. Mfasiri ataichukia kabla ya mwezi kwisha.

Ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. Mpya, inchi 24, kioo cha IPS ambacho ukikitazama kutoka upande wowote rangi haibadiliki sana, uso usiong'aa, HDMI, waranti ya mwaka mmoja na risiti ya EFD. Laki tatu na arobaini, mwisho wa bei. Ukikokotoa kama nilivyofanya kwa laptopu, ukurasa wa A4 ungeonekana mzima kwa karibu asilimia 80. Kutoka nusu kwenda asilimia 80 ni hatua kubwa. Mapungufu yake yalikuwa mawili. Stendi yake inalala mbele na nyuma tu, haipandi, na ukingo wa juu ungekuwa chini ya macho ya mdogo wangu kwa kama sentimita 10, na shingo ndiyo ugonjwa wenyewe uliotutoa nyumbani. Hilo la kwanza unaweza kulimaliza kwa vitabu viwili vinene. La pili halikuwa na dawa: elfu arobaini zaidi ya bajeti, kabla ya kibodi. Nasema wazi, angekuwa na laki nne kisa kingeishia hapa, tungeichukua.

Ghorofani kwa mzee

Ya nne ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja, stoo isiyo na kibao, inayouza vifaa vilivyotolewa maofisini Ulaya. Mwenye stoo ni mzee mtaratibu. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, na badala ya kutaja bei akauliza, "Anasoma au anachora?" Nikajua tumefika kwa mtu anayeijua kazi yake.

Akatushushia monita ya inchi 24 ya ofisini, kioo cha IPS, na ilikuwa ya pikseli 1920 kwa 1200. Mistari ile 120 ya ziada ndiyo niliyokuwa naitafuta. Zamani monita nyingi za ofisi zilikuwa za umbo hili, 16 kwa 10. Baadaye viwanda vikafuata umbo la televisheni, 16 kwa 9, na anayesoma kurasa ndiye aliyepoteza. Tuliweka karatasi ya A4 juu ya kioo, imesimama. Ina kimo cha sentimita 29.7. Kioo kina 32.3, kwa hiyo pakabaki upana wa vidole viwili vyembamba vya nafasi. Kwenye monita nyingi mpya zinazoitwa za inchi 24, ambazo kwa kweli ni 23.8, kimo cha kioo ni 29.6: karatasi inachungulia nje kwa milimita moja. Kwa hesabu ya programu yenyewe, ukurasa mzima ungeonekana kwa karibu asilimia 90, kurasa mbili kwa pamoja. Stendi yake inapanda, inashuka, inazunguka, hata inasimamisha kioo wima.

Bei laki mbili na thelathini. Mbona rahisi? Mzee alijibu bila kuficha: haina HDMI. Ina VGA, DVI na DisplayPort, na wateja wakisikia hivyo wanaondoka. Mimi nilifurahi moyoni. DVI na HDMI zinabeba picha ya dijitali kwa namna ileile, waya mmoja wenye vichwa viwili tofauti unatosha, bila kiboksi cha kubadilisha katikati. Kinachokosekana ni sauti tu, na monita yenyewe haina spika. Tukakubaliana laki mbili kamili.

Cha mtumba hununui kwa macho. Nilikuwa nimetengeneza kurasa za rangi moja moja kwenye laptopu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu. Kwenye nyeusi unatafuta nukta inayong'aa, kwenye nyeupe nukta iliyokufa. Rangi tatu zinakuonyesha pikseli iliyoganda. Ila ya muhimu kuliko zote kwa monita ya ofisini ni ya kijivu. Monita ya kwanza aliyotupa ilipita nyeupe na nyeusi vizuri kabisa. Tulipoweka kijivu, chini ukaonekana mstari hafifu wenye miraba miraba, kivuli cha utepe wa programu uliokaa mahali pamoja miaka na miaka. Mdogo wangu ndiye aliyeuona wa kwanza. Mzee akainama, akavaa miwani, akakubali, akashusha nyingine.

Ya pili tuliiacha ikiwaka nusu saa tukiwa tunakunywa kahawa, kwa sababu kuna hitilafu zinazojitokeza kioo kikishapata joto. Nikaangalia lebo ya nyuma yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nikabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, nikaipandisha na kuishusha stendi kuona kama inakaa ilipoachwa. Nikapunguza mwanga hadi chini kabisa na kuitazama kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi ikitembea kwenye picha ya kamera, taa ya nyuma inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini baadhi ya watu huumwa kichwa nayo. Haikuwa na mistari. Plagi yake ilikuwa ya pini tatu bapa kama zetu, na lebo inasema volti 100 hadi 240. Mzee akaandika risiti na kutuahidi wiki mbili za kurudisha. Wiki mbili ni kidogo ukilinganisha na mwaka mmoja. Ndiyo hatari tuliyoinunua pamoja na monita, na nilimweleza mdogo wangu hivyo kabla hajatoa pesa.

Waya

Kosa tulilifanya kwenye kitu kidogo kuliko vyote. Tulikuwa tumechoka, duka la waya liko chini ya jengo hilohilo, nikamwambia muuzaji nataka wa kutoka HDMI kwenda kwenye monita isiyo na HDMI. Akanipa wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, elfu kumi na tano. Sikuusoma. Tulipofika Tabata tukachomeka, kioo kikaandika hakuna picha, kikalala.

Waya wa aina ile mara nyingi ni wa njia moja. Umetengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka kwenye kioo chenye HDMI. Sisi tulikuwa tunauendesha kinyumenyume, na kinyumenyume haufanyi kazi bila kifaa cha kubadilisha ambacho ni cha bei. Kesho yake nikarudi, wakakataa kurudisha pesa. Nikanunua wa HDMI kwenda DVI, elfu kumi na tano nyingine, na picha ikaja mara moja, 1920 kwa 1200, herufi zimekaa kama zimechapwa.

Hesabu yote ikawa hivi: monita laki mbili, waya mbili elfu thelathini, kibodi elfu ishirini, nauli ya kwenda na bajaji ya kurudi na mzigo elfu kumi na mbili, kilinda umeme elfu ishirini na tano. Jumla 287,000. Kilinda umeme nilikisisitiza mimi. Umeme ukirudi kwa kishindo unaua kitu ambacho hakina waranti.

Mezani

Nusu ya faida ya monita inapatikana baada ya kuinunua, na haigharimu senti. Tuligeuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Jua la alasiri sasa linapita mbele ya kioo bila kukipiga. Tulipandisha stendi mpaka ukingo wa juu ukalingana na macho yake, kisha tukashusha kidogo. Halafu mwanga. Monita ilikuja ikiwa kwenye asilimia 75, kiwango cha ofisi yenye taa nyingi. Nikashika karatasi yetu ya A4 pembeni ya ukurasa mweupe wa kwenye kioo na kumwambia apunguze mpaka vyote viwili vifanane. Aliishia kwenye 30 mchana, 15 usiku. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa natazama taa."

Umeme haukuwa wa kuogopwa. Monita ya LED ya ukubwa huu, kwa mwanga huo, hula karibu wati 20. Saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti kama 4 za LUKU.

Miezi mitatu imepita. Shingo imetulia. Macho yametulia nusu tu, na hili nalisema kwa sababu wauzaji hawalisemi: mtu akikodolea kioo hupepesa mara chache, macho yanakauka, na hakuna monita inayotibu hilo. Nimemwekea kengele kwenye simu, kila dakika 20 atazame mbali, mpaka kwenye mwembe wa jirani, kwa sekunde 20. Siku ya kazi ya haraka anaizima. Umeme ukikatika kioo kinazima, laptopu inabaki, anamalizia sentensi kwenye kioo kidogo kwa kulalamika. Lakini kifungu anakisoma na kukiandika bila kuhama, na mwezi uliopita aligundua kwamba mkataba wa Kiingereza aliotumiwa umeruka kutoka kifungu cha 14 hadi cha 16. Aliuona upungufu huo kwa sababu kurasa zote mbili zilikuwa zimesimama mbele yake.

Jumamosi iliyopita rafiki yake mhasibu alikuja kuiona. Akaipenda, akataka nimpeleke kwa mzee yule akachukue kama hiyohiyo. Nikamwomba kwanza anifungulie jedwali analolifanyia kazi kila siku. Lilikuwa na safu wima 31, na kwenye kioo cha mdogo wangu zilionekana 19.